Baruti ya bunduki

Baruti ya bunduki ni mada ya unga au chembechembe ambayo ikiwashwa huungua haraka sana na kutoa gesi nyingi yenye joto kali. Gesi hiyo husukuma kichwa cha risasi, au gololi katika gobore, hadi kitoke kwenye mtutu. Kuna aina kuu mbili: baruti nyeusi, ambayo ni ya kale, na baruti isiyo na moshi, inayotumika katika karibu risasi zote za siku hizi.

Nchini Tanzania neno "baruti" hutumika pia kwa vilipuzi vya kupasulia miamba. Kwa hiyo katika maeneo ya dhahabu, kama vile Masumbwe katika wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita, neno moja hutaja vitu vitatu vyenye tabia tofauti. Hakuna kimoja kinachoweza kushika nafasi ya kingine. Kuvichanganya kunaweza kupasua bunduki na kumuua au kumlemaza anayeifyatua.

Jina

Neno "baruti" linahusiana na Kiarabu "bārūd" na Kiajemi "bārūt". Neno "risasi" nalo lina maana zaidi ya moja: ni metali nzito laini, ni kichwa kinachoruka kutoka bunduki, na pia ni kitu kizima kinachotiwa katika bunduki. Katika makala hii risasi ni kitu kizima, chenye sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki hukaa kwenye kitako cha ganda na huwaka inapogongwa na pini ya bunduki. Migodini jina hilohilo la fataki hutumika kwa kifaa cha kuanzishia mlipuko wa mwamba, ambacho kina nguvu kubwa zaidi.

Aina

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa ya miti na salfa. Ilibuniwa China yapata karne ya 9. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama yabisi, ndiyo maana hutoa moshi mzito na kuacha masizi ndani ya mtutu. Masizi hayo huvuta unyevu na kusababisha kutu, hivyo bunduki yake husafishwa mara baada ya matumizi. Huwaka kwa urahisi sana kwa cheche.

Baruti isiyo na moshi ilitengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Msingi wake ni nitroselulosi. Aina nyingine huongezewa nitrogliserini, kama ile ya Alfred Nobel ya mwaka 1887. Kwa uzito uleule ina nguvu kubwa kuliko baruti nyeusi. Pia kanieneo inapopanda ndani ya bunduki, baruti hii huungua kwa kasi zaidi, na hivyo kupandisha kanieneo tena. Kwa sababu hiyo ziada ndogo inaweza kuleta tofauti kubwa.

Baruti ya mwamba, kwa mfano mchanganyiko wa amonia nitrati na mafuta ya dizeli, si baruti ya bunduki. Baruti ya bunduki huungua na kusukuma. Baruti ya mwamba hulipuka kwa wimbi la mshtuko linalokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde na kuvunja kila kilicho karibu. Hakuna mtutu unaoweza kustahimili mlipuko huo.

Uchaguzi wa baruti kwa risasi za bastola

Katika nchi kadhaa, hasa Marekani, sheria inawaruhusu walenga shabaha na wawindaji kujaza upya risasi nyumbani. Hukusanya maganda yaliyokwisha kutumika, wakayatia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. Fataki na kichwa huchaguliwa kwa ukubwa wa ganda, lakini uchaguzi wa baruti ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Mambo yanayoangaliwa ni haya:

Kasi ya kuungua. Mtutu wa bastola ni mfupi, mara nyingi sentimita 10 hadi 13, na ganda lake ni dogo. Baruti yake hutakiwa kuungua upesi ili imalize kazi kabla kichwa hakijatoka. Bunduki ndefu yenye ganda kubwa huhitaji baruti ya polepole. Baruti ya polepole ikitiwa katika bastola, sehemu yake hutoka mdomoni kama mwali bila kufanya kazi. Kichwa kinaweza hata kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Baruti ya bastola ikijazwa katika ganda kubwa la bunduki ndefu kwa kipimo cha baruti ya polepole, kanieneo huvuka kiwango cha chuma.

Ujazo wa ganda. Baruti nyingi za bastola huchukua nafasi ndogo ndani ya ganda. Mtu anaweza kujaza kipimo mara mbili bila kuona kwamba ganda limefurika. Wajazaji wengi hupendelea baruti inayochukua zaidi ya nusu ya ganda, ili kipimo cha pili kimwagike na kosa lionekane.

Uzito wa kichwa. Kichwa kizito huchelewa kusogea, hivyo kanieneo hupanda zaidi. Kipimo kinachofaa kichwa chepesi kinaweza kuwa cha hatari kwa kichwa kizito.

Maelekezo ya mtengenezaji. Kila kampuni ya baruti hutoa majedwali ya vipimo kwa kila aina ya risasi. Rangi au umbo la chembe si utambulisho, kwa kuwa baruti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana kwa kasi. Baruti iliyo katika chombo kisicho na jina lake haitumiki, na baruti mbili hazichanganywi.

Viwango vya juu vya kanieneo huwekwa na taasisi kama SAAMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1926, na C.I.P. ya Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 1914. Kwa risasi ya bastola ya 9 mm Parabellum kiwango cha C.I.P. ni bari 2,350. Bunduki zilizotengenezwa kiwandani kwa viwango hivyo hupimwa kwa kanieneo kubwa zaidi kabla ya kuuzwa.

Historia katika Usumbwa na Unyamwezi

Katika karne ya 19 baruti nyeusi ilifika bara kwa misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo kupitia Tabora. Pamoja na bunduki za kushindilia, nguo na shanga, ilibadilishwa kwa pembe za ndovu na watumwa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa askari wa rugaruga, wengi wao wakiwa na bunduki hizo. Mwaka 1871 alifunga njia kati ya Tabora na Ujiji, na vita vyake na Waarabu wa Tabora vikavuruga biashara yote ya eneo hilo.

Wasumbwa, ambao jina lao limo katika jina la Masumbwe, walikuwa wasafiri na wafanyabiashara wa mbali. Mmoja wao, Msiri, alianzisha ufalme wa Wayeke huko Katanga, wenye mji mkuu Bunkeya. Alipata bunduki na baruti kutoka pande mbili, pwani ya mashariki na Angola, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Uliruhusu, kwa masharti, magobore ya jiwe yasiyo na mifuo ndani ya mtutu na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa njia hiyo baruti nyeusi ilibaki kuwa baruti ya wenyeji, wakati majeshi ya kikoloni yalihamia kwenye baruti isiyo na moshi.

Gobore na hatari zake

Gobore hushindiliwa baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu. Mengi yametengenezwa na wahunzi wa vijijini, wakati mwingine kwa bomba la kawaida, bila kupimwa kwa kanieneo yoyote. Gobore hutegemea baruti nyeusi. Baruti iliyotolewa katika risasi za kiwandani na kutiwa katika gobore inaweza kuupasua mtutu karibu na uso na mkono wa mpigaji. Baruti ya mwamba ni ya hatari zaidi, kwani humgeuza gobore kuwa bomu. Kupona kwa mara moja si ushahidi kwamba mchanganyiko ni salama. Chuma kinaweza kupata ufa usioonekana na kupasuka baadaye.

Sheria nchini Tanzania

Silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki au kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, hivyo kujaza risasi nyumbani si burudani huru kama ilivyo Marekani. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mmojawapo wa waliotia saini, huhesabu ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa risasi hata vikiwa mbalimbali. Risasi hutengenezwa na Shirika la Mzinga, Morogoro, lililo chini ya wizara ya ulinzi.

Baruti ya mwamba ina sheria yake, Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, inayosimamiwa na sekta ya madini. Mchimbaji huhitaji kibali cha kununua, stoo iliyokubaliwa na mlipuaji mwenye cheti. Kibali cha mgodini hakimpi mtu haki ya kuwa na baruti ya bunduki, na leseni ya bunduki haimpi haki ya kuwa na baruti ya mwamba.