Upare Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918

Vita vilivyoanza Ulaya mwaka 1914 viliikuta Injili katika Upare ikiwa bado changa. Misioni ya Leipzig ilikuwa imefika Shigatini mwaka 1900 na Mbaga mwaka 1908. Wapare hawakuwa na ugomvi na Mwingereza. Lakini reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita Same, chini ya milima yao, na kwa njia hiyo vita viliwafikia.

Mnamo Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliiteka Moshi. Mwezi Mei yaliteremka kusini kwa njia tatu: kando ya reli, kando ya mto Pangani, na kupitia uwazi wa Ngulu kuelekea Gonja. Wajerumani walirudi nyuma huku wakibomoa madaraja na kung'oa reli. Pande zote mbili zilihitaji chakula, na chakula hicho kilitoka katika ghala na mazizi ya wananchi.

Zaidi ya chakula, zilihitaji watu. Kwa kuwa ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa mizigo, mzigo wa vita uliwekwa vichwani mwa wanadamu. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yao uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na kwamba wapatao 95,000 kati yao walifariki. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Nyumbani, kilimo cha Upare hutegemea ndiva na mifereji, ambayo hutunzwa kwa nguvu za wengi. Kila mwanamume aliyechukuliwa aliipunguza nguvu hiyo. Noti za karatasi ambazo Wajerumani walizichapisha wakati wa vita zilipoteza thamani, na aliyelipwa kwa noti hizo akabaki mikono mitupu. Kisha, mwaka 1918, homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote ikawakuta watu wakiwa wamedhoofika.

Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Kanisa halikufa. Walimu na wazee Waafrika waliendelea kufundisha na kuongoza ibada, hata ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walipowasili mwaka 1922. Hivyo taabu ya vita ilidhihirisha kwamba Injili ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika udongo wa Upare.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari na wapagazi kwa jumla. Wapagazi wengi hawana kaburi lenye jina. Inafaa kila ukoo unaokumbuka jina la mzee aliyechukuliwa asirudi ulilete, liandikwe katika kitabu cha usharika. Mungu anawajua wote. Ni wajibu wa walio hai kutowasahau.