Betri Isiyojaa: Historia ya Kuchaji Umeme Ufukweni Sori

Huko Sori, mji wa wavuvi kwenye Ghuba ya Karungu katika Kaunti ya Migori, umeme wa kubebwa ndani ya betri una historia ndefu kuliko ule wa kwenye nguzo. Si kwamba mitambo ilikuwa mbali. Katika miaka ya 1950, mtambo wa megawati 2 ulijengwa kwenye maporomoko ya Gogo ya Mto Kuja, lakini umeme wake ulikusudiwa mgodi wa Macalder, uliochimba shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966. Vijiji vya ufukweni viliendelea na mafuta ya taa, na wavuvi wa omena, ambao huwavuta samaki hao kwa mwanga usiku, walitegemea taa za karabai.

Betri iliyozoeleka kwanza majumbani ilikuwa ya gari: ya risasi na asidi, ya aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Iliendesha redio, na baadaye televisheni, kisha ikabebwa kwa baiskeli au matatu hadi mjini kuchajiwa. Ilipokataa kujaa, fundi aliweza kuifuata hitilafu kwa macho na mikono. Alikwangua kutu kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akafungua vifuniko sita na kuongeza maji yaliyosafishwa pale bamba lilipobaki wazi. Haidromita ilimwonyesha uzito wa asidi katika kila seli. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6; iliyobaki kwenye 10.5 baada ya kuchajiwa mara nyingi huwa na seli moja iliyokufa kati ya sita.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram, ikishirikiana na shirika la Global Nature Fund, ilifungua kituo cha kuchaji kwa jua huko Mbita, kaskazini mwa Sori, ili taa za betri zichukue nafasi ya karabai. Badiliko hilo lilileta tatizo lililofungamana na kalenda ya uvuvi. Mwezi unapong'aa, taa haiwavuti omena vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Karabai haikudhurika kwa mapumziko hayo. Lakini betri ya risasi inayoachwa tupu bila kuchajiwa huanza kufanya ukoko wa salfeti juu ya bamba. Ukoko ukikomaa, volti hupanda haraka kwenye chaja, betri huonekana imejaa, kisha taa huzimika baada ya muda mfupi.

Betri za lithiamu-ioni, zilizoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, zilifika ziwani baadaye, kwanza katika simu na taa, kisha katika baiskeli na pikipiki za umeme. WeTu, kampuni ya kijamii iliyoanzishwa na wakfu wa Siemens Stiftung, ilijenga vituo vya jua kandokando ya Ziwa Victoria na kuunganisha ukodishaji wa taa na usafiri wa umeme.

Betri ya baiskeli yenye volti 36 kwa kawaida huwa na seli 10 zilizofuatana, na ikijaa hufikia volti 42. Haina maji ya kuongeza, wala kifuniko cha kufungua. Uchunguzi huanzia nje: soketi ya ukutani, kisha chaja, ambayo mita ikiwekwa kwenye ncha zake inapaswa kusoma karibu na 42, kisha pini za tundu la kuchajia, kisha fyuzi. Betri iliyoanikwa juani hadi seli zikapita nyuzi joto 45 huweza kukataa chaji mpaka ipoe kivulini. Haya yote yakiwa sawa, hitilafu iko ndani, kwenye saketi ya ulinzi au kwenye seli zenyewe.

Saketi hiyo hukata umeme seli yoyote inaposhuka kupita kiasi, mara nyingi karibu na volti 2.5. Ndiyo sababu betri iliyoachwa tupu kwa miezi huonekana imekufa kabisa. Mazoea ya zamani ya kuisukuma betri kwa chaja yenye nguvu zaidi ni ya hatari hapa: seli iliyoshuka sana huweza kuota shaba ndani, ikaleta shoti na moto.

Utaratibu wa kukodisha na kubadilishana betri umeuhamisha mzigo wa kutafuta hitilafu. Mwendeshaji hurudisha betri isiyojaa na kupewa nyingine, na kituo ndicho kinachobaki na kazi ya kupima. Kwa mwenye betri yake mwenyewe, kazi ya fundi wa kawaida imebaki kwenye chaja, nyaya, tundu na fyuzi. Kufungua kasha ni kwa yule anayeweza kupima kila seli peke yake na kuibadilisha kwa usalama.