Mkaratusi na Neno "Jadi"

Hapa Urambo mtu akizibwa pua au akiumwa kipandauso, shauri la wazee huwa ni lile lile: chuma majani ya mkaratusi, chemsha, jifunike blanketi, vuta mvuke. Mwenye nafasi hununua mafuta yake dukani, akatia matone mawili matatu katika maji ya moto. Ukiuliza, utaambiwa kuwa hiyo ni dawa ya jadi. Mwalimu wa historia hana budi kuuliza tena: jadi ya lini?

Mkaratusi haukuwa mti wa asili katika miombo aliyoitawala Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya. Mti huu kwao ni Australia, ambako Joseph Bosisto alianza kuuza mafuta yake katika miaka ya 1850. Kenya uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni za injini za reli.

Kwetu nako kuni zina sehemu yake. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulivunjika mwaka 1951; baadaye ikashika tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni. Miombo ikapungua, wakulima wakahimizwa kupanda miti, mkaratusi ukiwamo. Shina huenda bani; majani hubaki kwa wenye mafua.

Basi lililo la kale ni kujifukiza. Jani ni geni. Hata mwaka 2020, wakati wa korona, wengi nchini waliojifukiza waliamini kwamba wanafuata mababu kwa kila kitu.

Sisemi haya ili kuudharau mvuke. Hulainisha kamasi, na harufu ya mkaratusi humpa mtu nafuu ya kuvuta pumzi. Lakini hauui ugonjwa. Mafuta yake yakinywewa ni sumu, hata kiasi kidogo kwa mtoto, na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza wengi. Nimeona mtoto akifukizwa siku kadhaa huku jicho limevimba na homa imepanda, kwa hoja moja tu: mababu walitumia. Mababu hao hawakuujua mti huu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.