Sindano ya Umeme na Kope Zinazochoma Jicho

Elektrolisisi, njia ya kuua nywele shinani zisiote tena, haikuanzia saluni. Ilianzia jichoni. Mwaka 1875 Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, alieleza jinsi alivyotibu kope zilizoota kuelekea ndani. Sindano nyembamba iliyounganishwa na betri huingizwa kando ya kope hadi kwenye shina. Hapo umeme hugeuza maji na chumvi ya mwili kuwa kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, na shina huungua.

Kenya inaujua vizuri ugonjwa wa kope hizo. Narok, Turkana na Baringo, trakoma imewapofusha wafugaji kizazi baada ya kizazi. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, kovu likajijenga ndani ya kigubiko cha jicho. Ukubwani kovu hukivuta kigubiko kikajikunja, na kila mgonjwa anapopepesa jicho, kope humkwaruza kioo cha jicho. Tiba ya nyumbani ni kibano: ndugu au jirani huzing'oa kope moja moja. Nafuu yake ni ya wiki chache, kisha kope huchipuka fupi na ngumu, nazo huchoma kuliko zile za mwanzo.

Sindano ya umeme ingeonekana kuwa jawabu. Ilipimwa Oman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992: kwa wagonjwa wenye kope chache zilizogeuka, operesheni ya kukigeuza kigubiko ililinganishwa na elektrolisisi na kugandisha mashina kwa baridi kali. Operesheni ilizishinda zote mbili. Sindano huua shina moja tu. Kovu hubaki palepale likiendelea kuvuta, na kope za jirani hugeuka nazo. Tena sindano huhitaji umeme, ganzi na kurudiwa, mzigo mzito kwa zahanati ya wafugaji. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza operesheni, na kibano kikabaki kwa wenye kope chache au wasiotaka kupasuliwa. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Kwa nywele za kidevuni mambo ni tofauti, kwa kuwa hakuna kovu linalovuta. Mwaka 1924 Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, alianza kutumia joto la umeme wa masafa ya juu, lililo la haraka kuliko kostiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huitambua elektrolisisi kuwa ya kudumu, ilhali leza huruhusiwa kudai kupunguza nywele tu. Kwa ngozi nyeusi tofauti hiyo ni kubwa: leza hufuata weusi, hata ule wa ngozi, na isipochaguliwa vizuri huunguza. Sindano haijali rangi. Lakini huweza kuacha madoa, na kwa wenye mwelekeo huo, makovu yaliyovimba. Na kwa kuwa huenda unywele mmoja mmoja, kidevu kimoja huweza kuchukua mwaka au zaidi.