Akili Kujitawala

Ziko nguvu tatu ambazo kila mtoto wa shule anazihitaji, wala hazifundishwi kwa chaki. Ya kwanza ni kulishika jambo moyoni huku ukitenda jingine, kama mtu aliyetumwa dukani kununua vitu vitano naye hana karatasi. Ya pili ni kujizuia, mkono unapotaka na akili ikakataza. Ya tatu ni kugeuza njia mambo yageukapo, kama mchungaji akutaye mto umefurika akawapeleka mbuzi malisho mengine. Nguvu hizi tatu kwa pamoja twaweza kuziita kujitawala kwa akili.

Wataalamu wa ubongo wametuonyesha kwamba kujitawala huku hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya kipaji cha uso. Sehemu hiyo hukomaa polepole kuliko nyingine nyingi, hata mtu apite miaka ishirini. Kwa hiyo, msomaji, miaka uliyo nayo sasa ni miaka ya ujenzi. Jambo hilo ni kweli kwa mtoto wa Nairobi kama lilivyo kweli kwa mtoto wa London. Lakini ukweli huo haukukubaliwa siku zote, na sehemu kubwa ya ubishi wake ilitokea hapa petu.

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa njia ya magharibi utapita Chiromo, utafika Westlands, kisha Kangemi na Kabete. Ukizidi kwenda utafika Kikuyu, na mbele yake Limuru. Njia hiyo moja yatosha kutueleza historia nzima.

Katika miaka ya 1930 Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba akili ya Mwafrika kwa maumbile yake haikui kwa kadiri ya akili ya Mzungu. Miongoni mwa aliowachunguza walikuwa wavulana waliofungwa katika shule ya marekebisho huko Kabete. Mwenziwe, F. W. Vint, alipima bongo 100 za Waafrika waliofariki, na mwaka 1934 akachapisha habari kwamba zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu. Hakuuliza vya kutosha marehemu hao walikula nini maishani mwao, wala waliugua nini. Watu hao wawili walitaka serikali ya Uingereza itoe fedha ili uchunguzi wao uendelee, lakini hawakupewa.

Usidhani kwamba ubishi huo ulikuwa wa wataalamu peke yao. Ikiwa akili ya mtoto wa Kiafrika haiwezi kukua, ya nini kumjengea shule ya sekondari? Hilo ndilo swali lililokuwa limejificha ndani ya mizani ya Vint.

Wakati huo huo mtaalamu wa saikolojia, R. A. C. Oliver, alitunga mtihani wa akili kwa ajili ya Waafrika, uliochapishwa Nairobi mwaka 1932. Aliwalinganisha wavulana wa Alliance, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na wavulana wa Kizungu wa Prince of Wales, shule ambayo leo yaitwa Nairobi School, nayo ipo kando ya njia yetu baada ya kupita Westlands. Wastani wa wavulana wa Alliance ulikuwa chini. Lakini Oliver alikuwa mwangalifu kuliko Gordon: alisema kwamba makundi hayo mawili hayakulelewa katika hali moja, na kwa hiyo mtihani peke yake haukuthibitisha tofauti ya kuzaliwa.

Basi kosa la zama zile lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kupima akili ya mtoto bila ya kuuliza kwanza akili hiyo imezoezwa kazi gani. Swali hilo lilikuja kuulizwa baada ya miaka ishirini hivi. Kati ya mwaka 1954 na 1956, watafiti walikwenda kukaa na jamaa za watu katika nchi sita: Kenya, Uhindi, Ufilipino, Mexico, Marekani, na kisiwa cha Okinawa. Huku Kenya, Robert na Barbara LeVine walikaa katika nchi ya Wagusii. Huko mtoto mdogo huchota maji, huokota kuni, huchunga ng'ombe na kumbeba mdogo wake. Matokeo ya nchi zote sita yalichapishwa mwaka 1975 na Beatrice na John Whiting. Watoto wa Kigusii walionekana wepesi wa kusaidia na kuwaelekeza wenzao katika kazi. Watoto wa Marekani, ambao kazi zao za nyumbani zilikuwa chache, walikuwa wepesi zaidi wa kutafuta kutazamwa.

Huenda ukasema kwamba hiyo ni tabia ya kabila tu. La. Carol Ember alichunguza wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, na mwaka 1973 akaandika kwamba wale waliofanya kazi za wasichana, kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa kuzifanya, walikuwa na mwenendo tofauti na wa wavulana wengine wa kijiji hicho hicho. Kabila lilikuwa moja. Kazi ndiyo iliyotofautiana.

Mwaka 1966 akina Whiting walianzisha kituo cha utafiti wa makuzi ya watoto katika Chuo Kikuu kilichokuwa Nairobi, na baadaye wakaichunguza Ngecha, kijiji cha upande wa Limuru. Hapo waliona jambo linalokuhusu wewe hasa. Wazazi walimpenda mtoto mtiifu na mwenye heshima, lakini walikwisha kutambua kwamba shule inamtaka mtoto mdadisi na asiyeogopa kusema. Nao Wakipsigis, kama walivyoandika Sara Harkness na Charles Super, hutofautisha akili ya mambo ya nyumbani na akili ya shuleni.

Uchunguzi wa siku za karibuni umezidi kuthibitisha neno hili. Bettina Lamm na wenzake waliwaambia watoto wa miaka minne kwamba atakayesubiri bila ya kukila kitamu kilichowekwa mbele yake ataongezwa cha pili. Miongoni mwa watoto wa Wanso wa Kameruni, karibu 7 katika kila 10 walingoja. Miongoni mwa watoto wa Kijerumani, karibu 3 tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa nisikilize, msomaji. Mwanafunzi wa Kangemi anayepika uji, akamtuliza mdogo wake, na huku anakumbuka hesabu za kesho, anaizoeza akili yake kujitawala, ijapokuwa hakuna mtihani wa kumpa alama kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa ghorofani Westlands, aliyezoea kupanga saa zake za kusoma na kuuliza maswali, naye anaizoeza yake. Wa kwanza asijidharau, wala wa pili asijivune. Kila mmoja analo la kujifunza kwa mwenziwe. Na siku utakapoambiwa kwamba watu fulani wana akili pungufu kwa kuwa wameshindwa mtihani fulani, uliza maswali mawili: mtihani huo ulipima kazi gani, na nani aliyepata kuizoea kazi hiyo? Laiti maswali hayo yangeulizwa Nairobi mwaka 1934.