Daktari John Kirk na Watu Waliorudi Bara

Mtu asimamaye ukingoni pa uwanda wa Newala na kutazama kusini, huona chini yake bonde la mto Ruvuma. Mwezi wa Septemba 1862 mashua za Waingereza zilipanda mto huo. Mkubwa wao alikuwa Dr. Livingstone, na pamoja naye alikuwapo tabibu Mskochi wa miaka 29, John Kirk. Walitafuta njia ya maji iendayo Ziwa Nyasa. Lakini mawe na uchache wa maji viliwazuia, wakarudi. Leo twataka kuwasimulia habari za tabibu huyo, kwa kuwa kazi yake ya baadaye inahusiana na asili ya mji wa Masasi.

Kirk alizaliwa mwaka 1832, akasomea uganga Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone mpaka mto Zambezi. Kazi yake ilikuwa kuwatibu wenziwe, na pia kukusanya majani, maua na mbegu, na kuzipeleka katika bustani ya Kew, Uingereza. Wataalamu wameita mimea mingi kwa jina lake, na mmoja wao ni mtambaazi ambao watu wetu waligema mpira wake na kuuza pwani.

Mwaka 1866 akaja Unguja kuwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza, na mwaka 1873 akawa Balozi mwenyewe. Wakati huo watumwa walikuwa wakiuzwa sokoni Mkunazini. Wengi wao walitoka nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma, wakapelekwa Kilwa kwa miguu, kisha wakapakiwa majahazini.

Januari 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alimtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara hiyo. Sultani akakataa. Ushuru wa watumwa ulimpa fedha nyingi, na tufani ya mwaka 1872 ilikuwa imekwisha kuangusha mikarafuu ya Unguja. Ndipo Kirk alipoagizwa amwambie kwamba asipokubali, manowari zitafunga bandari yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani akatia sahihi, na soko likafungwa.

Tusidhani kuwa maneno ya tabibu yalitosha. Gogo haliendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zake zilikuwa manowari. Wala biashara haikuisha siku ile. Wafanyi biashara waliiacha bahari, wakawapitisha watumwa nchi kavu kuelekea kaskazini. Kirk akazidi kumhimiza Sultani, hata mwaka 1876 Barghash akakataza misafara hiyo pia.

Lakini kumfungua mtu ni jambo moja, na kumpatia pa kukaa ni jingine. Aliyeibwa angali mtoto, asiyekijua tena kijiji chao, atakwenda wapi? Tarehe 1 Novemba 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi na watu zaidi ya 50 waliofunguliwa, waume kwa wake, akikusudia kufika Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao. Walipofika Masasi waliona nchi njema, tena i karibu na makwao, wakajenga hapo.

Hata hapo hawakupata amani kamili. Mwaka 1882 Wamagwangwara, ndio Wangoni, waliushambulia mji, wakachukua mateka. Baadhi yao walikombolewa; wengine hawakurudi. Baada ya hayo misheni ilihamia Newala, kwa Sultani Matola. Basi wako watu waliopoteza uhuru wao mara mbili, na wa mara ya pili waliupoteza baada ya sahihi ya Unguja kukauka miaka 9.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe Unguja na Pemba haikutoka mpaka mwaka 1897. Yeye alifariki Uingereza mwaka 1922, mwenye miaka 89. Jina lake limo katika vitabu vya wataalamu, hata kima punju wa Unguja huitwa kwalo. Lakini majina ya wengi waliotembea kutoka Lindi hayakuandikwa. Kama yuko mzee kwenu aliyepokea habari zao kwa babu zake, kaa naye, umwulize, uandike majina.