Kwenda Kerala kukandwa na kunywa dawa: yanayopasa kuulizwa kabla ya kulipa

Tangu niliporudi Bara Hindi na dadangu mwaka juzi, haupiti mwezi bila ya mtu kunipigia simu. Mara ni wa Kisauni, mara wa Malindi, mara ni Lamu. Maswali yao ni yale yale: ile tiba ya mafuta yafaa? Ni halali? Na ile yoga je? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo nayaandika yote hapa. Mimi si daktari wala si shekhe. Nilikwenda kumsindikiza mgonjwa wa goti kwa siku kumi na nne, nikakaa, nikauliza, na nikabeba mabegi.

Ayurveda ni tiba ya kale ya Kihindi. Vitabu vyake vikuu viwili, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, viliandikwa kwa Kisanskriti zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Msingi wake ni kwamba mwili una nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na ugonjwa huja zinapoacha kuwa sawa. Mtu wa pwani hatashangaa sana. Bibi zetu walikuwa wakisema huyu ana baridi, yule ana joto, huyu asile samaki fulani. Hayo yetu yametokana na tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia Waarabu, na serikali ya India yaitambua hiyo pia. Mwaka 2014 iliunda wizara nzima iitwayo Ayush, na herufi ya U katika jina hilo ni Unani, yaani hiyo hiyo ya Kiyunani.

Kerala ni jimbo la kusini magharibi, ule upande wa Malabar ambao majahazi yetu yalikuwa yakienda na pepo za kusi. Da Gama alipochukua rubani Malindi mwaka 1498, alikopelekwa ni Calicut, ambayo leo yaitwa Kozhikode. Ukishuka huko utaona minazi, mihogo, samaki wa kupaka, na utasikia adhana. Katika wilaya ya Malappuram, sensa ya 2011 ilionyesha kuwa Waislamu ni watu 70 katika kila 100. Na ndani ya wilaya hiyo hiyo ndiko uliko mji wa Kottakkal, penye Arya Vaidya Sala, mojawapo ya nyumba za ayurveda zinazojulikana zaidi India, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tabibu P. S. Varier. Nayataja haya kwa sababu wengi hudhani kwamba kwenda huko ni kwenda kukaa hekaluni. Sivyo, ingawa kuna mahali ambapo ni hivyo, na hapa ndipo pa kuanza kuuliza.

Mahali pa kukaa ni pa aina tatu. Kuna hospitali za ayurveda, zenye madaktari waliosoma shahada ya BAMS kwa miaka mitano na nusu, mafunzo ya kazini yakiwamo. Kuna mahoteli ya ufuoni, kama kule Kovalam na Varkala, ambako Mzungu huenda kupumzika, akakandwa asubuhi na jioni akaogelea. Halafu kuna ashram, ambazo ni nyumba za kiroho za Kihindu. Ashram nyingi huwa rahisi kuliko hoteli, na watu wetu huvutiwa na bei. Lakini mara nyingi ratiba yake ni ya lazima: alfajiri na jioni watu huketi pamoja, huimba nyimbo za miungu na kutafakari, na mgeni hutarajiwa kuhudhuria. Hawakufichi, yameandikwa kwenye karatasi zao. Ni sisi tusiosoma. Mwenye ugonjwa hasa na aende hospitali. Mwenye uchovu tu na pesa za kutosha, hoteli yamtosha.

Sasa siku yenyewe. Unaamshwa mapema, unakunywa kikombe cha dawa ya mizizi iliyochemshwa, chungu kiasi cha kukufanya ukumbuke mwarobaini kwa mapenzi. Daktari anakupima mshipa na kukuuliza kuhusu choo, usingizi na ulimi. Halafu ni kukandwa. Unalazwa juu ya kitanda kizito cha mbao chenye kingo kama hori, na wachuaji wawili, mmoja kila upande, wanakukanda kwa mpigo mmoja na mafuta ya uto yaliyopikwa na majani. Kuna siku mafuta hutiririshwa kwenye paji la uso kama uzi kwa karibu nusu saa, wenyewe huita shirodhara, na dadangu alilala usingizi ambao hajaulala tangu arusi ya binti yake. Kuna siku hukandwa kwa vifurushi vya mchele uliopikwa kwa maziwa na dawa. Chakula ni mboga tupu. Jioni uji wa mchele na pojo. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna kahawa, na siku ya tatu nilimuona mwanamume mzima kutoka Muscat akitoroka getini kutafuta chai.

Hilo ni la nje ya mwili. La ndani ni panchakarma, maana yake matendo matano ya kusafisha: kutapishwa, kupewa haluli, hukna, matone ya dawa puani, na kutolewa damu, wakati mwingine kwa ruba. Si kila mtu hufanyiwa yote. Kabla ya haluli, mgonjwa huweza kunyweshwa samli yenye dawa kwa siku kadhaa, kila siku kipimo kikiongezwa. Hii si kazi ya wikendi. Mahali panapokuuzia panchakarma kamili kwa siku tatu panakuuzia jina tu. Muda wa kawaida ni siku 14, 21 au 28.

Nakuja kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo mimi mwenyewe nililijua siku ya nne, kwa kusoma chupa. Kuna jamii mbili za dawa za maji, arishta na asava. Hizi hazitiwi pombe, lakini huchachushwa kwa jaggery au asali kwa wiki kadhaa, na pombe hutokea humo yenyewe. Chupa huandikwa kiasi chake, na mara nyingi utaona kati ya 5 na 10 kwa 100. Bia nyingi hazifiki hapo. Muuguzi aliyetuletea alikuwa Muislamu, amejifunga mtandio wake vizuri, na nilipomuonyesha maandishi alisema wao huihesabu kuwa dawa, si kilevi. Kila mtu na mufti wake. Dadangu aliirudisha. Na uzuri ni kwamba kurudisha si kukosa tiba: mchanganyiko wa mizizi kumi uitwao dashamula, kwa mfano, hutengenezwa kama arishta na pia kama kashayam, yaani ya kuchemsha tu. Sema tangu siku ya kwanza kwamba wataka kashayam, na liandikwe kwenye faili.

La pili ni mkojo wa ng'ombe. Kisanskriti chao ni gomutra, na huingia katika baadhi ya dawa na samli. Ukiona neno panchagavya, ujue ni vitu vitano vya ng'ombe: maziwa, mtindi, samli, mkojo na mavi. Kuna madhehebu yasemayo mkojo wa mnyama aliye halali si najisi, lakini sisi wa pwani ni Mashafii na kwetu ni najisi. Usione haya kuuliza. Daktari wetu hakuudhika hata kidogo. Alisema Waarabu wa Ghuba humuuliza hivyo hivyo, kisha akafungua rejista na kutuonyesha ipi inao na ipi haina.

Kuhusu kujisitiri, desturi ya Kerala ni mwanamke kukandwa na wanawake na mwanamume na wanaume. Lakini utavuliwa nguo zote na kupewa kitambaa chembamba cha kufunga kiunoni. Dadangu aliomba kanga yake mwenyewe ibaki juu yake na wakakubali, wakawa wanafunua sehemu moja kisha wanaifunika. Wale wachuaji walikuwa wakimwita chechi, maana yake dada mkubwa kwa Kimalayalam, na siku ya mwisho walilia. Hoteli za watalii si lazima zifuate desturi hiyo, kwa hivyo uliza kwa maandishi. Mafuta na udhu nilimuuliza shekhe wangu kabla ya safari. Alinijibu kwamba mafuta yanayoingia ngozini hayazuii maji, ila dawa nzito za kupaka kama udongo lazima zioshwe kwanza.

Na yoga? Hapa ndipo mabishano yetu ya barazani huwa makali, na pande zote mbili hukosea. Si kweli kwamba ni mazoezi matupu. Asili yake ni ibada, na hata leo kuna darasa linaloanza kwa kutamka Om na kumalizia kwa kuinamia sanamu. Wala si kweli kwamba kunyoosha mgongo ni shirki. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataza yoga yenye mchanganyiko wa ibada za Kihindu. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walikataza ile ya kutamka maneno ya ibada, wakaacha ya mazoezi tu. Saudi Arabia, mwaka 2017, iliitambua kama mchezo. Sisi tulimwambia mwalimu kwamba tutafanya ya viungo na pumzi, na tutatoka wakati wa kuimba. Na ile iitwayo surya namaskar, ambayo tafsiri yake ni kulisujudia jua, tuliiacha. Mwalimu alicheka, akampa dadangu zoezi la kiti kwa ajili ya goti. Mambo yakaisha. Kwa mgongo unaouma kwa muda mrefu, utafiti waonyesha yoga husaidia kwa kiasi. Ndicho unachoweza kutegemea. Kuondoa kisukari, hapana.

Na hapo kwenye kisukari ndipo ninapotaka unisikilize. Dadangu ana sukari na presha. Asubuhi ya haluli alimeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, na hakula kitu, kwa sababu aliambiwa asile. Saa nne mikono ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anazungumza maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulimpa maji ya sukari, daktari akaja mbio, alhamdulillahi akarudi. Kosa lilikuwa letu na lao. Wao hawakuuliza orodha ya dawa zake za hospitali, na sisi hatukuitoa, kwa sababu dadangu aliona haya, akidhani watamdharau kwa kutumia dawa za kizungu. Usifanye hivyo. Nenda na barua ya daktari wako wa hapa, na vipimo vya sukari, figo na ini vya karibuni. Mwenye kuchoma insulini asikubali kamwe kuambiwa aiache. Kuna watu wenye aina ya kisukari ambayo siku chache bila insulini huwa ni kifo, na mafuta hayawezi kuibadilisha. Mjamzito, mwenye moyo dhaifu, mwenye figo mbovu, asiingie katika haluli na kutapishwa.

Dawa za kurudi nazo nyumbani zina hesabu yake. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 70 za ayurveda zilizonunuliwa madukani sehemu za Boston. Kumi na nne kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi huwa si uchafu bali zimetiwa makusudi, kwani kuna tawi la tiba hii litumialo majivu ya madini, yaitwayo bhasma. Ukiona neno hilo au neno rasa kwenye kopo, uliza mara mbili, na usimpe mtoto. Zaidi ya yote usinunue kopo lisilo na maandishi kutoka kwa mtu aliyekuletea kwenye begi, hata akiwa shemeji yako.

Ya safari kwa ufupi. Mkenya huomba viza ya India kwa mtandao, na tangu 2023 kuna viza maalumu ya Ayush kwa wanaofuata tiba hizi. Lazima uwe na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na uchanje angalau siku kumi kabla ya kuondoka, la sivyo waweza kuwekwa karantini uwanjani. Shuka Kochi au Kozhikode, njia ya Ghuba ndiyo rahisi. Wenyeji husema wakati bora wa tiba ni mwezi wao wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, wakati wa mvua za kusi, na bei za vyumba pia huwa chini. Usiende Ramadhani, kwani hukna na matone ya puani hayaendi na saumu. Uliza kama bei yao ina dawa ndani yake. Yetu haikuwa nazo, na siku ya kuondoka tulipewa bili ya pili.

Dadangu alirudi anapanda ngazi za Fort Jesus bila kushika ukuta. Ilikaa hivyo kama miezi minne, kisha goti likaanza tena kidogo kidogo. Mazoezi ya kiti anayafanya hadi leo, na jirani humchua kwa mafuta ya uto kila Alhamisi. Asema akipata pesa atarudi. Mimi namwambia aanze na daktari wa mifupa hapa hapa Mombasa, na tungali twabishana.